Nywele Nilizomtunzia Mama

Bafuni kwa shangazi kuna bomba la mvua. Limefungwa ukutani vizuri kabisa, linang'aa, na shingoni bado lina kile kikaratasi cha dukani. Siku niliyohamia Kibamba nililiona nikafurahi peke yangu, nikavua ndala, nikafungua koki. Likakohoa. Likatoa vumbi kidogo na buibui mmoja mkavu, basi.

"Hilo la baadaye," shangazi alisema kutoka sebuleni, maana koki ilikuwa inalia. "Maji ya bomba yakifika. Wewe oga na ndoo, kopo liko nyuma ya mlango."

Mpaka nilipoondoka maji hayakuwa yamefika.

Mwananyamala tulikuwa tunaishi mie na mama, vyumba viwili vya kupanga, bafu ndani. Shawa ya kule haikuwa ya maana sana. Nusu ya matundu yalikuwa yameziba, maji yanatoka yamepinda upande, inabidi na wewe uyafuate. Lakini nilikuwaga nasimama pale nikitoka shule mpaka mama agonge mlango.

"We mtoto, unaoga au unaosha ukuta?"

"Natoka, mama."

"Natoka yako naijua mie!"

Wakati huo sikuwa na nywele. Sijawahi kuwa nazo, labda nikiwa mchanga. Tangu darasa la kwanza shule zote nilizosoma zilitaka wasichana wanyoe, kwa hiyo kila zikianza kuota mama ananipeleka kwa kinyozi na maji ya shawa yanapiga moja kwa moja kwenye ngozi. Sikuona shida, wote tulikuwa hivyo. Kilichokuwa kinaniuma ni Jumapili. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, ila mtaani walimjua kwa kusuka. Watoto wadogo ambao hawajaanza shule walikuwa wanaletwa na mama zao mchana, wanakaa kwenye mkeka katikati ya magoti yake, yeye anachana, anagawa, anasuka huku anasimulia. Mie na kipara changu nashika kitana na kikopo cha mafuta. Niliwaonea wivu watoto wa miaka minne. Naandika tu ukweli.

Mama alikuwa anajua. Siku moja, mkeka umeshakunjwa, alinishika kichwa na viganja vyote viwili kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, akasema, "Ukimaliza fomu foo acha ziote. Cha kwanza nakusuka mie. Usipeleke kichwa chako kwa mtu."

Nilimaliza fomu foo. Zikaanza kuota. Halafu mwezi wa kwanza mama akahamishiwa Katavi kikazi, akaondoka na mabegi mawili na blanketi, na mie nikapelekwa kwa shangazi, dada yake marehemu baba, nikasubiri huko matokeo na majina ya kidato cha tano.

Shangazi ni karani kwenye ofisi moja mjini. Kutoka Kibamba mpaka huko ni safari, kwa hiyo anaondoka giza halijaisha na kurudi giza limeingia. Hana ubaya wowote. Amechoka tu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Chai iko kwenye chupa."

Kuna siku hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu yote. Akiondoka nabaki na nyumba. Mwananyamala nilikuwa nalalamika kelele, redio ya jirani, watu wanagombania kamba ya kuanikia, mama muuza vitumbua anavyoita wateja. Kibamba kuna kuta na mageti, na viwanja vyenye majani ambavyo wenyewe hawajaja kujenga. Unasikia mbwa, halafu husikii kitu, halafu unasikia mbwa yuleyule. Na mie siyo mtu wa kuanzisha stori. Nikitumwa dukani nafanyia mazoezi njiani kile nitakachosema. Nikifika, muuzaji akisema "Karibu dada, leo umependeza," mazoezi yote yanayeyuka, naonyesha kwa kidole.

Kwa hiyo nywele zilikuwa ndiyo kampani yangu. Naona aibu kuiandika hiyo sentensi lakini ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi nikiamka mkono unaenda kichwani kabla ya kitu chochote. Kwanza zilikuwa kama brashi ya viatu. Baadaye zikaanza kujikunja, vipilipili vidogo vidogo, na nikivuta kimoja kinarefuka halafu kinarudi chenyewe. Nilikuwa nafanya hivyo huku naangalia ukuta. Kimoja kimoja. Nilijiambia mama atashangaa.

Ishu ikawa maji.

Maji ya kwa shangazi yanatoka kwenye kisima kilichochimbwa mtaani, na yana chumvi. Siyo chumvi ya kusema utaonja kidogo uitafute. Ukipiga mswaki unajua. Sabuni ya kuogea ukiipaka haitoi povu, inaganda mikononi kama maziwa yaliyoharibika. Kwenye ngozi unavumilia. Kwenye nywele nilizisikia zinabadilika siku hadi siku, zikakakamaa, zikawa na vumbi jeupe hata nikiwa nimetoka kuoga, na kitana kikipita zinakatika kwa sauti. Nilikuwa naviokota vipande sakafuni.

Nilinunua shampuu. Kwenye chupa kuna picha ya dada mwenye nywele nyingi anacheka. Nikamwaga, nikasugua, hakuna povu. Nikaongeza. Hakuna. Nusu chupa ikaisha siku moja na kichwa kinateleza tu bila kutakata. Ndipo nikafanya ujinga mkubwa kuliko wote. Niliona shangazi akifua, sabuni ya unga inatoa povu kwenye maji yaleyale. Nikafikiri, na mie na sayansi yangu ya fomu foo, kumbe jibu liko kwenye mfuko wa kufulia. Nikaosha kichwa kwa sabuni ya unga. Povu lilikuwa zuri sana. Lilipokauka, nywele zangu zilikuwa kama kile kichuma cha kusugulia sufuria, na ngozi iliwasha mpaka nikalala na kitambaa cha maji kichwani.

Baada ya hapo nikaingia kwenye simu kama kila mtu. Wadada wa kwenye video walisema kitunguu maji. Nikakisaga, nikakamua, nikapaka. Shangazi aliporudi alisimama mlangoni na mkoba wake bado begani.

"Umepika nini?"

"Sijapika bado, shangazi."

Alinusa. Akaniangalia. Akanusa tena, sasa kwa kunielekea.

"Haya," akasema, akaenda kubadilisha nguo.

Walisema maji ya mchele, nikaloweka. Walisema parachichi, nikapaka, likaganda kwa siku mbili. Mafuta ya mnyonyo yalinasa vumbi lote la barabara ya Morogoro. Kila video ilikuwa inaishia palepale, dada amesimama chini ya shawa, maji yanatiririka mgongoni, anafumba macho, halafu anageuka na nywele safi. Nilikuwa naitazama ile sehemu ya mwisho zaidi kuliko mafuta yenyewe.

Kuna dada mwenye saluni karibu na kituo. Alinikuta dukani naangalia vikopo, akanivua kitambaa kichwani bila hodi. "Mdogo wangu! Hizi nywele zimekunywa chumvi zikashiba. Njoo nikuwekee dawa zilale, utapendeza, utasumbua watu."

"Mama yangu atanisuka."

"Yuko wapi mama yako?"

"Katavi."

Alicheka, siyo kwa ubaya. "Ana mikono mirefu huyo mama."

Nikarudi nyumbani bila kikopo chochote.

Shida nyingine ilikuwa mikono yangu mwenyewe. Hiki kitu mtu wa shawa hawezi kukielewa. Ukiwa na ndoo na kopo, mkono mmoja unamimina. Unabaki mmoja wa kuosha. Kichwa cha kipara kinaoshwa na mkono mmoja bila tatizo. Kichwa chenye nywele kinataka miwili, na wa tatu wa kumimina. Mwananyamala niliwaona watu wakioshana nywele uani, mmoja ameinama, mwingine anamimina, wanapiga umbea. Kibamba nilikuwa namimina, naweka kopo chini, nasugua, povu la uongo linaingia machoni, napapasa kopo na kopo limeviringika. Siku moja nilikaa chini kwenye sakafu ya bafu, nikaangalia lile bomba la mvua lenye kikaratasi, nikalia kidogo. Siyo sana. Kidogo.

Ndipo nikaliona beseni.

Shangazi ana beseni kubwa la bluu la kufulia mablanketi. Nikachemsha maji kwenye sufuria, nikayachanganya mle, nikajifunga kanga, nikaketi ndani, magoti karibu na kidevu, na kichwa nikakilaza nyuma mpaka masikio yakazama. Mikono yote miwili ikawa huru. Nikaziachanisha nywele polepole chini ya maji. Ndani ya maji husikii mbwa. Unasikia moyo wako na kitu kama mtu anayetembea mbali. Nilikaa mpaka maji yakapoa. Kuanzia siku hiyo niliacha kuoga kwa kusimama.

Sasa, kwetu mtu haketi tu kwenye maji ya moto. Mtu wa kuketi kwenye maji ya moto ni mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, anakandwa na anakalishwa mle apone. Hilo nalijua tangu utoto, lakini sijui kwa nini halikunijia. Jumamosi moja nimebeba sufuria ya maji yanayofuka kutoka jikoni, mama jirani alikuwa amekuja kuomba ndoo ya maji. Alinitazama mie, akatazama beseni mlangoni pa bafu, akamgeukia shangazi.

"Jirani, humu ndani kuna mzazi na hamjatwambia? Tulete uji wa pilipili manga?"

Alisema kwa utani. Shangazi hakucheka. Yule mama alipoondoka, shangazi alinifuata chumbani akafunga mlango.

"Nitazame."

Nikamtazama.

"Unakalia maji ya moto tangu lini?"

Nilijua jibu. Lilikuwa jibu fupi. Lakini mie nikishtukiwa ulimi unaganda, na kadiri ulivyoganda ndivyo nilivyoona uso wake unavyobadilika. Ukimya wangu ukawa kama ushahidi. Akatoka nje na simu. Nilimsikia anasema, "Wifi, sikutishi, lakini..."

Baada ya dakika chache simu yangu ikaita.

"Mwanangu," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "shangazi yako anasema unakalia maji ya moto. Niambie. Sitakupiga, niko mbali."

"Ni nywele, mama."

"Nywele?"

"Mkono mmoja hautoshi."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mie nikaanza, na machozi yakawa yanatoka, sikujua ni ya kipi. Tangu aondoke sikuwa nimesikia kicheko chake. Nikamweleza yote, chumvi, kitunguu, sabuni ya unga. "Sabuni ya unga!" akapiga kelele, nikasikia anamsimulia mtu huko aliko. Halafu akasema, "Zitunze. Mwezi wa sita shule zikifunga nakuja. Nitakusuka kabla hujaenda fomu faivu. Usizikate, usiziweke dawa. Mwezi wa sita."

Hapo nikawa na kitu cha kusubiri. Mwezi wa sita aje kabla sijaondoka, na mie niwe na nywele za kusukika. Basi. Sikuomba kingine.

Shangazi hakuomba msamaha, ila jioni hiyo aliniwekea mnofu mkubwa zaidi. Na wiki iliyofuata, tukiwa tunaangalia taarifa ya habari, akasema bila kunigeukia, "Njoo nikubane hizo. Unafanana na mtu aliyetoka kugombana."

"Asante shangazi. Mama atanisuka."

"Haya," akasema.

Masika yalipoanza nilijua jambo ambalo hakuna video iliyoniambia. Mvua ya kwanza kubwa ilinikuta naanua nguo. Nilipoingia ndani nywele zimelowa, zilikuwa laini. Nikakimbia na beseni nikaliweka chini ya bati. Nikaosha na ule mwisho wa shampuu ya dada anayecheka, tone dogo tu, na povu likaja, povu la kweli, jeupe, likashuka mpaka shingoni. Kumbe shampuu haikuwa na kosa. Baada ya hapo mvua ikinyesha nakinga, nachuja kwa kitambaa, najaza madumu. Nikapata na kondishena moja ya kopo la njano, nzito, siyo ya ghali, na mafuta ya nazi ambayo mama jirani anakamua mwenyewe. Alinipa kichupa akisema, "Chukua, mzazi." Jina likabaki hilo. Hivyo vitatu tu. Mvua, kopo la njano, nazi. Nywele ziliacha kukatika. Mwezi wa tano zilikuwa zinashikika kwenye ngumi.

Masika yakaisha. Dumu moja nilililinda, nikalisukuma chini ya kitanda. Hilo la mwezi wa sita.

Majina yakatoka. Nimepangiwa shule ya bweni ya wasichana, mkoa wa baridi. Kwenye maelekezo ya kujiunga, katikati ya ndoo, jembe na shuka, kulikuwa na sharti la nywele. Ziwe zimenyolewa siku ya kuripoti. Nilikuwa nalijua hilo tangu mwanzo. Sikulia. Nilihesabu kwamba mama akija wiki moja kabla, nitakaa nazo zimesukwa wiki moja.

Alipiga simu Jumapili.

"Mwanangu, sijui nianzie wapi."

Nikajua.

"Darasa la saba wanakaa kambi likizo nzima. Mkuu amenipa hesabu na Kiswahili. Nimeomba, nimeomba tena."

"Sawa, mama."

"Usiseme sawa."

"Sasa niseme nini?"

Nyuma yake watoto walikuwa wanakariri kitu kwa pamoja. Nikamwambia salio lake litaisha.

Siku moja kabla ya kunyoa, shangazi alirudi mchana. Hajawahi kurudi mchana. Nilikuwa bafuni nimekunja kanga, beseni tupu, dumu la mvua liko pembeni nalitazama, sijui nilifanyie nini. Alisimama mlangoni, akapandisha mikono ya gauni la ofisini.

"Mama yako kanipigia. Inama."

"Shangazi, siyo lazima."

"Nimekuuliza kama ni lazima? Inama."

Nikainama. Akachota kwa kopo akamimina. Polepole, kutoka kisogoni kuja mbele, mkono wake mwingine umenikinga paji la uso maji yasiingie machoni. Mikono yangu yote miwili ilikuwa inaosha, na wa tatu unamimina. Alipoona nimeinama muda mrefu baada ya maji kuisha, hakuniambia niinuke.

Tukakaa uani, yeye kwenye kigoda, mie chini katikati ya magoti yake.

"Mie najua mtindo mmoja tu, twende kilioni, mistari mitupu ya kwenda nyuma," akasema. "Ukitaka maua ya mama yako, hapa hamna."

"Hiyo hiyo."

Alivuta. Jamani, alivuta mpaka macho yakawa membamba.

"Shangazi, taratibu, na huo mstari unapinda, ungeanzia..."

"Usiniongoze. Mie siyo mama yako."

Hakusema kwa hasira.

"Najua," nikasema.

Akaendelea. Baada ya muda akasema, "Bibi yako alikuwa anatusuka mie na baba yako. Ndiyo, hata baba yako, kabla hajaanza shule. Alikuwa anakimbia nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama jogoo." Nilicheka, na yeye akanipiga na kitana begani. "Tulia."

Tulipiga picha tukamtumia mama. Alijibu kwa ujumbe wa sauti. Mwanzo upepo tu. Halafu, "Umependeza. Mistari ya wifi imepinda, lakini umependeza." Upepo tena. "Kesho zinakatwa?" Halafu akakata, na hakutuma nyingine.

Asubuhi shangazi aliondoka kwenda kazini kama kawaida. Chai iko kwenye chupa. Nikaketi kando ya beseni na kioo kidogo nikaanza kufumua. Kusuka kunataka mtu wa pili, ila kufumua unaweza peke yako. Mstari mmoja mmoja. Kila ulioachia uliacha nywele na mawimbi, laini, nyingi, nyingi kuliko nilivyofikiri ninazo. Zilijaa kioo chote. Nilizishika zote kwa mikono miwili, nikakaa hivyo.

Kwa kinyozi hapakuwa na mteja mwingine. Nilivua kitambaa, akawasha mashine, akapita mbele, akanigeuza upande, halafu akaizima.

"Dada, nyuma ya sikio hapa umesahau mstari mmoja, haujafumuliwa."

Ulikuwa ule uliopinda.

"Sijausahau," nikamwambia. "Malizia kwanza hizo nyingine."